Walinzi Watano wa Ua la Kiazi

Mwalimu wetu hakuvumilia mtu aseme ua ni zuri. Ukisema hivyo alikutazama, kisha akasema, "Sikuuliza kama ni zuri. Nimeuliza lina nini." Hapo ulitakiwa uanzie chini. Kikonyo. Halafu kitako, pale ambapo kila kitu kimekaa. Halafu vile vijani vya kijani vilivyolifunika ua lilipokuwa tumba. Halafu petali. Halafu vijiti vyenye vichwa vya unga. Na mwisho kabisa, katikati, ile sehemu inayobeba mbegu. Ukiruka moja ulirudishwa chini ukaanza upya, hata kama darasa zima lilikuwa na njaa na jua limeshavuka paa.

Shule yenyewe ilikuwa banda moja la mbao, kwenye shamba la pareto juu ya Elburgon, karibu na msitu. Mbao hatukukosa, viwanda vya kupasulia magogo vilikuwa chini tu. Tulichokosa ni karatasi. Mama yangu alifanya kazi kwenye banda la kukaushia pareto, na magunia mapya yalipofika yalikuwa yametenganishwa kwa karatasi za rangi ya udongo. Alizikunja, akazificha chini ya kanga, akampelekea Mwalimu. Yeye alizikata kwa wembe, vipande vya ukubwa wa kiganja, akatugawia kimoja kimoja. Kwenye karatasi hizo ndimo tulimochora maua. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vyetu.

Ule wembe alikuwa akiuchomeka kwenye kijiti kilichopasuliwa, akakifunga kwa uzi. Hakunyolea nao ndevu. Ulikuwa wa kupasulia maua tu. Alishika ua la kiazi kati ya vidole viwili, akalikata kutoka juu hadi chini kwa mkono usiotetemeka, akafungua nusu mbili na kutuita tuje wawili wawili. "Msipumue juu yake," alisema. "Mtapeperusha unga."

Majina ya Kizungu aliyajua yote, lakini hakuanza nayo. Alisema mtoto akipewa jina gumu kabla ya kuona kitu, atashika jina na kuacha kitu. Kwa hiyo alitutungia majina yake. Vile vijani vya nje aliviita walinzi. Petali zilikuwa nguo. Vile vijiti vya unga vilikuwa wanaume. Sehemu ya katikati ilikuwa mama, na mama alikuwa na mlango juu na nyumba chini, na ndani ya nyumba vyumba ambamo mbegu zililala. Ua la kiazi lilikuwa na walinzi watano, nguo tano zilizoshonwa pamoja, wanaume watano waliosimama wamembana mama, na nyumba ya vyumba viwili. Niliyajua hayo kama nilivyojua njia ya kwenda kisimani.

Kwa mtu aliyefundisha hivyo, ungedhani alipenda kukaa na maua. Hakupenda. Aliogopa nyuki kupita kiasi. Nyuki mmoja akiingia darasani, Mwalimu alitoka kwa mlango mwingine, akasimama nje akiwa ameshika kola ya koti, akaendelea kufundisha kupitia dirishani. "Huyo ndiye anayebeba unga kutoka kwa wanaume mpaka mlangoni," alituambia kutoka huko nje. "Bila yeye hakuna mbegu. Mwacheni afanye kazi yake. Amekwenda?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi niko hapa."

Hakuchuma ua la mapambo hata siku moja, na mtoto aliyechuma ua bure akalitupa alichapwa. Chaki aliihesabia kila mstari, mpaka tukamwona mchoyo, lakini sukari yake ya mwezi tuliilamba sisi. Mtu akikohoa darasani asubuhi, Mwalimu alikuja na kikombe cha chai ya moto aliyoipika mwenyewe, akakusimamia mpaka uimalize. Hakuwa na mke. Mama aliwahi kumuuliza kwa nini haoi, akajibu kwamba hawezi kumleta mtu ndani ya seng'enge halafu amwambie karibu nyumbani.

Maana tuliishi ndani ya seng'enge. Hali ya Hatari ilipotangazwa, nyumba zetu zilizokuwa zimetawanyika shambani zilibomolewa, na mzungu mwenye shamba akatukusanya wote mahali pamoja. Tulizungushiwa waya wa miiba na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Lango lilikuwa moja. Kando yake kulikuwa na kibanda cha homgadi watano, watu wa jamii yetu wenyewe waliopewa mikuki na bunduki moja, watulinde, walisema, dhidi ya waliokuwa msituni. Saa kumi na mbili asubuhi lango lilifunguliwa tukaenda kuchuma pareto. Saa kumi na mbili jioni lilifungwa. Kutoka shamba moja kwenda jingine ulihitaji kibali, na kwenda Nakuru ulihitaji kibali kilichotiwa sahihi na mzungu, na kwa watu wa jamii yetu sahihi hiyo ilipatikana kwa shida sana.

Jumapili Mwalimu alivaa koti lake, akafunga tai, akapiga viatu brashi, akatoka nyumbani kwake kama mtu anayewahi gari moshi. Alitembea kando ya waya mpaka akazunguka kijiji chote, akarudi mlangoni kwake, akavua tai. Watu walicheka. Mimi nilicheka. Mama alinizaba kofi na kuniambia, "Na wewe una pahali pa kwenda?"

Pareto yenyewe alichelewa sana kutufundisha. Alilazimishwa kuichuma kama sisi, siku ambazo hakukuwa na shule, na ilimwasha. Ngozi ya mikono yake ilipasuka katikati ya vidole, akawa anaipaka mafuta ya kondoo. Tulimsumbua atupasulie ua la pareto, kwa kuwa ndilo lililokuwa kila mahali, vilima vyeupe mpaka macho yachoke. Mwisho akakubali. Alilikata, akatuita.

"Hesabu walinzi, nguo, wanaume, mama," akaniambia.

Nilitazama, nikachanganyikiwa. "Mwalimu, ni wengi. Hawaishi."

"Kwa sababu hili si ua moja. Kila kidoa cha njano hapo katikati ni ua kamili. Na kila jani jeupe la pembeni, mnalodhani ni nguo, nalo ni ua kamili. Yako mamia, yamebanwa juu ya kitako kimoja."

Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kama sisi hapa kijijini." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitazama lango, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akatuambia twende nyumbani, ingawa ilikuwa bado mapema.

Watu wanaomkumbuka husema alikuwa mwoga, na ni kweli. Akisimama mbele ya homgadi sauti ilimpotea. Mbele ya mzungu alivua kofia akiwa bado mbali. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo woga haukulifikia. Hakuweza kufupisha somo. Ukimuuliza swali kuhusu mmea, alikujibu mpaka mwisho, hata kama mvua inakunyeshea. Jambo hilo, pamoja na neno moja nililolisema mimi, ndilo lililomponza.

Ilikuwa kiangazi. Kwenye shamba la jirani ghala la pareto liliwaka moto, na ikasemwa waliochoma walisaidiwa na watu wa kwetu. Lango likafungwa, hakuna kutoka, hakuna kazi, hakuna kuteka maji isipokuwa kwa muda wa saa moja tu mchana, chini ya ulinzi. Siku ya tatu alikuja inspekta kijana wa Kizungu na askari kwa Landirova. Tulikalishwa chini uwanjani, na nyumba zikapekuliwa moja baada ya nyingine.

Mkuu wa homgadi alitoka nyumbani kwetu ameshika karatasi yangu ya rangi ya udongo. Nilikuwa nimeilaza chini ya godoro ili isikunjike. Aliiweka juu ya meza iliyokuwa mbele ya kibanda, na inspekta akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa ua la kiazi, lililochorwa jinsi linavyoonekana ukilikata kwa upana, duara ndani ya duara, na pembeni maandishi yangu mazuri kabisa.

Aliniita. Nilisimama mbele ya meza, mama akiwa nyuma yangu ameketi chini.

"Hii nini?" akauliza. Alisema Kiswahili cha mashambani, kile cha wazungu.

Nikainamia karatasi.

"Mimi nasoma. Walinzi tano." Akageuka akawahesabu homgadi waliosimama kando ya kibanda. "Wanaume tano. Mlango. Nyumba, vyumba mbili." Kibanda kile kilikuwa na vyumba viwili. "Hii iko posti ya askari. Nani nafundisha wewe kuchora hii?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua kila sehemu ya ua lile. Ningesema, "Bwana, ni ua." Maneno matatu tu. Nikamtazama yule askari aliyeshika bunduki, maneno yote yakanitoka kichwani, likabaki moja.

"Mwalimu," nikasema.

Walimtoa kati ya watu waliokaa chini, akiwa na koti lake. Alipoiona karatasi alishusha pumzi. Nadhani kwa nukta chache aliona ni jambo dogo.

"Bwana, hili ni ua la kiazi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Leta hiyo maua."

"Sasa ni kiangazi, bwana. Viazi vimechimbwa. Hakuna ua."

Inspekta akacheka na wale askari wakacheka. Mwalimu akageuza kichwa, akawatazama waliokaa chini, na hapo nikamwona anatafuta kitu. "Nyambura," akaniita. "Nyuma ya jalala kuna managu. Yanatoa maua. Kimbia."

Inspekta hakunizuia. Nilikimbia. Managu yalikuwa yameota kwenye majivu, mboga ileile tuliyokula jioni, na vijiua vyake vyeupe havikuwa vikubwa kuliko ukucha wangu. Nilichuma shada zima, nikarudi mbio na kuliweka mezani.  Mikono ya Mwalimu haikutetemeka. Alitoa wembe wake mfukoni, ule uliofungwa kwenye kijiti, na askari mmoja akainua bunduki. Mwalimu hakumwona. Alikuwa ameshainama.

"Managu na kiazi ni ndugu, bwana. Ua ni lilelile, ila dogo. Tazama. Tunaanza chini. Hiki ni kikonyo. Hapa, vijani vya kijani, moja, mbili, tatu, nne, tano. Hawa ndio walinzi. Sasa nguo, tano. Ndani ya nguo, hawa wa njano, watano, wanaume. Katikati hapa mama, na huu ndio mlango wake. Ukikata chini hapa," akakata, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, "utaona nyumba ina vyumba viwili."

Inspekta aliinama naye. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya meza. Nilimwona yule kijana akihesabu kwa midomo.  Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelegea kidogo.

"Sawa," akasema. "Hii kweli maua."

Nilisikia mama akivuta pumzi nyuma yangu. Kama Mwalimu angenyamaza pale, sijui. Labda wangemwacha. Lakini inspekta, akiwa anakunja karatasi yangu, akauliza swali jingine.

"Kwa nini wewe naita walinzi?"

"Kwa sababu wanalifunga ua likiwa changa, bwana. Wanalizuia lisifunguke kabla ya wakati."

"Na ikifunguka, walinzi nafanya nini?"

Angeweza kusema hawafanyi kitu. Mtu mwingine yeyote pale uwanjani angesema hivyo. Mwalimu alifikiri, kama alivyofikiri darasani mtoto akiuliza vizuri, akajibu swali lote.

"Inategemea ua, bwana. Katika maua mengine, ua likifunguka, walinzi huanguka. Kazi yao imekwisha, wananyauka na kuanguka chini. Katika hili la managu na kiazi hawaanguki, wanabaki mpaka tunda linaiva."

Mkuu wa homgadi alimtazama inspekta. Inspekta aliutazama wembe. Ile nusu ya pili ya jibu sidhani kama kuna aliyeisikia.

"Walinzi naanguka," inspekta akarudia polepole. "Wewe nafundisha watoto hii?"

"Nafundisha mmea, bwana."

"Kipande yako iko wapi?"

Kipande cha kitambulisho alikuwa nacho, lakini kibali cha kukaa shamba lile kilikuwa kimepita muda, kama vya watu wengi wetu, maana aliyepaswa kukitia sahihi hakuwa na haraka. Basi hilo likatosha. Walimfunga mikono. Kabla ya kumfunga aliomba maji anawe, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vya kijani kwa utomvu wa managu. Hawakumpa. Alipandishwa nyuma ya Landirova, lango likafunguliwa, likafungwa.

Usiku huo sikuweza kula. Mama hakunikaripia wala hakunifariji. Alisema tu, "Umesema ulichoulizwa," akaenda kulala.

Baada ya kama wiki mbili askari walikuja tena, wakamtoa mama kwenye banda la kukaushia, mbele ya wenzake, wakaondoka naye. Hatukuambiwa sababu, na miaka ile hukuuliza. Nililelewa na shangazi miezi miwili. Mama aliporudi alikuwa amekonda na sikio la kushoto halisikii tena. Ukitaka kuzungumza naye ulizunguka ukakaa upande wa kulia. Nilimuuliza wamemfanyia nini huko. Akasema, "Nimerudi, si umeniona?" Hakuongeza.

Shule ilifungwa mwaka mzima. Ilipofunguliwa tena chini ya misheni, kulikuwa na mwalimu mwingine, aliyetufundisha kuhesabu na nyimbo za kanisa. Nilimaliza nilichoweza kumaliza, na nilipofika miaka kumi na tisa nikapewa darasa la watoto wadogo. Niliwafundisha kusoma. Ukurasa wa mimea niliuruka.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka hiyo, mambo yalipoanza kulegea. Misheni ilinituma Nakuru kuchukua sanduku la sleti za kuandikia, na kibali changu kiliandikwa kwamba niwe nimerudi kwenye gari moshi la saa tisa. Nilifika stesheni mapema, nikatafuta kivuli kando ya duka la Mhindi aliyeuza mbegu. Mlangoni, juu ya sanduku, alikaa mtu mwenye mvi akijaza mbegu za kabichi kwenye vipakiti vidogo kwa kijiko. Alijaza kimoja, akakikunja mdomo, akakitia kwenye kikapu. Nilimjua kwa vidole.

"Mwalimu."

Aliinua macho. Alichukua muda. "Nyambura," akasema. "Umekuwa mtu mzima."

Nilikaa kwenye ukingo wa veranda. Aliniambia aliachiliwa mwaka uliotangulia, lakini hakuruhusiwa kufundisha wala kutoka nje ya mji, na kila Jumatatu aliripoti polisi. Mwenye duka alikuwa mtu mzuri, alisema. Alilala nyuma ya magunia. Aliniuliza kuhusu fulani na fulani. Nikamjibu. Habari za Mama hakuuliza, na niliona hilo, lakini nilikuwa nimejaa langu.

"Mwalimu, ni mimi nilikutaja. Siku ile. Ningesema ni ua, na sikusema."

"Najua. Nilikuwa pale nje ya kibanda, nikasikia." Akakunja kipakiti. "Ulikuwa mtoto, umeulizwa na mtu mwenye bunduki."

"Sijalala vizuri tangu—"

"Subiri," akasema. Aliweka kijiko chini. Mikono ile, ambayo sijawahi kuiona ikitetemeka, aliibana katikati ya magoti. "Usinipe lako kabla hujasikia langu. Huko walikonipeleka waliniuliza siku nyingi nani alinipa karatasi. Kila siku swali lilelile. Siku ya tisa nikawaambia. Nikasema, mama yake Nyambura."

Kelele za stesheni ziliendelea, wapagazi wanasukuma mikokoteni, mtu anauza mahindi ya kuchoma. Nilimtazama.

"Alirudi?" akauliza.

"Alirudi. Sikio moja halisikii."

Alitikisa kichwa, mara moja, kama anayepokea hesabu sahihi. Hakuomba msamaha. Nadhani aliona ni neno dogo sana, na mimi pia ningeliona hivyo.  Gari moshi lilipiga honi, na kibali kilikuwa mfukoni mwangu na saa yake juu yake. Nilisimama nikabeba sanduku la sleti. Alisimama pia, akavua kofia, kama alivyokuwa akifanya mbele ya wazungu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sikumwambia kwaheri. Nikapanda.

Kutoka Nakuru mpaka Elburgon nilikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa. Nilifika kijijini karibu na kufungwa kwa lango. Mama alikuwa nje ya mlango akichambua maharage kwenye ungo. Nilikaa upande wake wa kulia, nikamwambia yote, neno kwa neno.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua," akasema. "Waliniambia siku ya kwanza, ili nimchukie."

"Miaka yote hii, Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa tayari unajichukia mwenyewe. Ningekuongezea na yeye?"

Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. Lango lilifungwa nyuma yetu, tukasikia mnyororo. Kisha akanigeuzia lile sikio zima, ili asipoteze jibu.

"Amekonda?"

"Amekonda, Mama."

"Anakula wapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Mama alisimama, akaingia ndani, na nikamsikia akivuta gunia la viazi kutoka chini ya kitanda na kuanza kuchagua vilivyo vikubwa.

"Kesho asubuhi," akasema kutoka ndani, "nenda kwa mzungu ukaombe kibali kingine cha Nakuru. Andika majina mawili."